Barua kwa vijana wachoraji wa Walukuba, Jinja: simu ikae mfukoni kwanza

Vijana wangu, habari zenu. Mimi ni yule mzee wa kuandika mabango, nyumba ya pili ukitoka msikitini, wengi wenu baba zenu nimewaandikia milango ya duka na saluni. Nimeona niwaandikie hapa sababu nikisema kwa mdomo mtacheka halafu mtasahau.

Jumamosi iliyopita nilipita pale chini ya mwembe mnapokutana nikasimama nyuma yenu kama robo saa, hakuna mtu aliniona, kila mmoja ameinamia simu. Nikahesabu picha. Kumi na moja. Simba wanne, Wamasai watatu wamesimama mguu mmoja na jua linazama nyuma yao limeiva kama tomato sosi, ngaali wawili, yule korongo mwenye taji, twiga mmoja, na mama amebeba mtungi kichwani. Sasa niulize tu, nani hapa Walukuba ameshaona simba? Na huo mtungi ni wa nani, mama zenu si wanachota maji na jerikeni ya njano, tena ile ilikuwa ya mafuta ya kupikia mpaka leo maji yake yana harufu kidogo.

Najua mtasema mzee, wazungu wa pale chanzo cha Nile ndio wananunua. Ni kweli na mimi siwezi kuwachekea, nilichora jua hilo hilo miaka sita, watoto wangu wawili wamesoma kwa jua hilo. Nilikuwa naweza kulichora huku napiga stori, mkono wenyewe unajua. Shida ilikuja siku mteja mmoja aliniambia hataki jua, anataka nimchoree mahali nilipokulia, na analipa vizuri. Nikashika brashi. Banange, nilikaa na ile plaiwudi mpaka giza likaingia, hakuna kitu kilikuja. Mtu mzima, nimezaliwa hapa hapa Jinja, sijui kwetu kunafanana vipi.

Usiku huo ndio nikaanza kukumbuka, na kumbukumbu haikuja vile nilitaka, haikuleta ziwa wala bwawa. Ilileta kichwa cha baba yangu. Mzee alikuwa fundi kiwanda cha nguo, Nyanza Textile, na akirudi jioni nywele zote nyeupe kwa vumbi la pamba, mpaka kwenye nyusi, mimi mtoto nikawa naamini kabisa baba ni mzee sana mpaka aoge, akitoka bafuni amekuwa kijana. Kila siku hivyo. Hiyo ndiyo nikaichora, mlango wa bafu la mabati na mtu mmoja mara mbili, upande huu mzee upande ule kijana. Mteja alicheka sana akaichukua.

Halafu nikaingia kiburi nikasema sasa nimeweza, nikamchora mama yangu. Yeye alikuwa anaanika mukene, wale dagaa wa ziwani, kule mwaloni Masese, sura yake naikumbuka kidogo tu lakini mikono naikumbuka yote, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko, jua likipiga anang'aa kama amevaa bangili za fedha. Nikachora, nikaona imekubali, nikaipeleka Masese kujionyesha. Kuna mama mmoja anauza samaki pale, akaiangalia kwa muda, mikono kiunoni, akaniuliza, hii ni saa ngapi? Nikamwambia asubuhi. Akasema asubuhi gani hiyo, kivuli kimejificha chini ya miguu, hiyo ni saa sita, na mukene saa sita huwa tumeshawageuza, hawa wako bado wabichi upande mmoja, mama yako angewaacha hivyo wangeoza. Akaniacha hapo akaenda kumhudumia mteja.

Niliona aibu lakini yule mama alinifundisha kuliko mtu yeyote. Kumbukumbu ilinipa viwiko vinavyong'aa, hicho hakuna simu ingenipa. Ila kumbukumbu haijui saa. Kwa hiyo unakumbuka kwanza, unachora ulichokumbuka bila kuchungulia popote, halafu unaenda pale mahali kwa miguu yako unaangalia kivuli kinalala wapi. Nyinyi mnaanza na simu, na simu inawapa picha ya mtu mwingine ambaye naye aliitoa kwa mwingine.

Na msifikiri haya ni maneno ya mzee wa mabango tu. Yule mama Mwingereza Margaret Trowell alipoanza kufundisha kuchora Kampala mwaka 1937, alianzia kwenye baraza la nyumba yake, na njia yake moja ilikuwa kuwasimulia wanafunzi kitu halafu wachore kile wanachokiona kichwani. Hapo ndipo ilizaliwa ile shule ya sanaa ya Makerere. Akatoka hapo Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro, akaenda kusoma London, na huko huko kwenye baridi akawa anachora watu wa kwao, migomba, watu wanalima, watu wanajenga. Picha yake moja ya 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko mpaka leo Museum of Modern Art kule New York. Pombe ya ndizi! Hakuna simba hata mmoja.

Na Jak Katarikawe je, huyu ndiye nampenda zaidi sababu kama sisi tu, hakusoma shule ya sanaa, alikuwa dereva. Mtu wa Kigezi, kule kusini magharibi mwa Uganda. Ntiro huyo huyo akiwa mwalimu Makerere ndiye alimshika mkono. Akahamia Nairobi akaishi mjini miaka na miaka lakini ng'ombe hawakumtoka kichwani, aliwachora mpaka uzee, ng'ombe wenye mapenzi na wivu kama binadamu, wa rangi ambayo hujawahi kuona ng'ombe. Mtu atasema mbona ng'ombe hawako hivyo. Wewe ukikaa mjini miaka arobaini ng'ombe wako watakuwa rangi gani?

Sasa mambo ya kazi kidogo. Ziwa letu si buluu, acheni kabisa hiyo buluu ya kopo. Nendeni Masese mwangalie, ni kijani imechanganyika na kahawia, na gugu maji likija linabadilika tena. Anza ubao wako na rangi ya maramu, ile nyekundu ya vumbi letu, usianze na nyeupe, maana hapa kwetu vumbi liko chini ya kila kitu, kwenye bati, kwenye majani ya mwembe, kwenye soksi za watoto wa shule. Ukiliweka chini kabisa litajitokeza lenyewe kati ya brashi na brashi. Na kivuli msipige nyeusi, inaua picha, changanyeni buluu na kahawia muone. Pesa ya akriliki kama hakuna, rangi ya mafuta ya milango inatosha, mimi nimekula nayo maisha yangu yote, ila tina, ile ya kuyeyushia rangi, msivute harufu yake chumbani, fungueni dirisha.

Ee, na yule kijana mrefu mwenye kofia, jina silisemi, wewe uliweka pembeni kikaratasi umechora jamaa wa rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, anakatia nyanya moja kwa moja kwenye kikombe cha mayai, kisu hewani, halafu ukakificha chini ya simba wako. Nilikiona. Kile ndicho kitu pekee siku ile kilinifanya nisikie njaa. Kitoe.

Jumamosi hii nakuja saa tatu. Naleta vipande vya plaiwudi na makaa ya jiko ya kuchorea, nyinyi leteni kitambaa tu. Saa ya kwanza simu zote zinaingia kwenye karai langu, kila mtu anachora kitu kimoja cha nyumbani kwao anachokikumbuka toka kabla hajafika miaka kumi. Halafu tunateremka Masese kwa miguu na vibao vyetu. Yule mama nimeshamwambia tunakuja. Ameuliza tu kama nyie mnajua mukene anageuzwa saa ngapi.