Jiko la kukaushia maembe: tusianze kujenga bado

Assalaam aleikum wanakikundi, nimeona picha za mawe ya matumbawe yaliyosombwa kwa ajili ya jiko la kibanda chetu cha nailoni, tafadhalini hayo tuyaweke kando. Sisi wa Malindi twajua jiwe hilo likipata moto mkali kwenye tanuu lageuka chokaa, na likiwa limelowa maji ndio hatari zaidi maana mvuke ukikosa pa kutokea jiwe linaruka vipande na kuna watoto pale.

Chumba cha moto kiwe cha matofali ya kuchoma, tukandike kwa udongo mwekundu na mchanga, simiti hapana. Moshi tusiutoe moja kwa moja, upite kwanza kwenye mfereji mrefu wa matofali chini ya chanja uache joto lake humo halafu ndio upande bomba utokee nje, mbali na nailoni. Hivyo tunawasha moto mkali jioni, kuni kavu za mvinje, ukizima matofali yanaendelea kutoa joto polepole usiku hata mvua ikinyesha.

Joto tunalotaka ni nyuzi 55 mpaka 65, likizidi embe linakauka juu ndani bado maji. Na matundu ya juu yasizibwe jamani, unyevu ukikosa njia embe laota ukungu!

Bomba la karibu na moto liwe chuma kitupu, mabati ya zinki yakiungua yatoa moshi wa sumu. Kuni za mikoko sitaki kuziona.

Mwenye matofali aandike hapa leo.