Nikon au Olympus, yakhe?

Asalaam aleikum yakhe,

Ujumbe wako nimeupata jana niko Forodhani, nkasema huyu hajibiki kwa vois ya dakika mbili, bora niandike. Nyumbani hawajambo? Karafuu mshaanika?

Haya, kamera mbili za filamu bei moja, Nikon FA na lenzi yake ya milimita 105, uwazi f/2.5, na Olympus OM-4 na lenzi yake ya milimita 50, na wewe unataka inayopima mwanga sawasawa. Zote za 1983 hizo, marika zangu, ila akili zao mbalimbali kabisa. FA inaigawa picha vipande vitano, inapima kila kipande halafu inaamua yenyewe, ndo ya mwanzo kufanya hivyo. OM-4 haikuamulii kitu, inakupa kinukta katikati, unapima uso, unapima kanzu, unapima kivuli, mpaka mara nane, inakutolea wastani. Tena ina kitufe cha weupe, unapima kitu cheupe unakibonyeza, inaongeza stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili) cheupe kibaki cheupe.

Na sisi huku weupe ndo unaotumaliza. Mita, kile kipima mwanga cha kamera, inadhani dunia nzima ya kijivu, ielekeze ukuta wa chokaa hapa Mji Mkongwe saa sita mchana, inaona mwanga umezidi, inapunguza, ukuta unatoka kama majivu na aliesimama mbele yake hata mamake hamjui. Buibui jeusi kinyume chake. Nshakwambia ile harusi ya binamu yangu? Bibi harusi kavaa nyeupe, kasimama ukutani pa chokaa, na mie na kamera yangu ya zamani nkaamini mshale wa mita tu, roli nzima ya picha 36 bibi harusi kawa kama kaungua. Mpaka leo shangazi akinikuta Darajani anauliza zile picha ziko wapi.

Kwa hivyo kwa mita tu, OM-4, sina mjadala. Mchumaji yuko juu ya mkarafuu, mbingu nyeupe nyuma yake, unampima uso, basi. (Ila za mwanzo zinakula betri hata zikiwa zimelala kabatini.)

Lakini wewe unapiga nyuso za wazee, yakhe. Ile 105 pua inabaki pua, haivutwi, na nyuma kunakuwa kama moshi wa udi. Yule msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, picha ya Steve McCurry ya 1984, lenzi ni hiyohiyo 105, kamera Nikon FM2. Zuiko 50, ile lenzi ya Olympus, kali na ndogo, sikatai, ila ukitaka uso ujae itabidi umsogelee bibi mpaka akuulize umepoteza nini.

Chukua Nikon. Mita yake ikikushinda pima kiganja chako kwenye mwanga uleule alokaa mtu, ongeza stopu moja, piga. Na tumia filamu ya negativu, mwanga ukizidi kidogo inasamehe, ukipungua ndo haisamehi. Betri ikifa FA bado inapiga kwa 1/250 ya sekunde, hutokwama shambani.

Kabla hujatoa pesa mulika lenzi kwa tochi, unyevu wa huku unaujua, ukiona kama utando wa buibui ndani huo ukungu, iache.

Na ile OM-4 usimwambie mtu. Mie harusi zangu zote za kuta nyeupe, Jumamosi inshaallah nakuja na boti ya Mkoani.

Mwenzako