Salamu za shukrani: kofia za mama zimekamilika

Familia ya marehemu mama yetu inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote mliokuwa nasi tangu siku za kumuuguza hadi tulipompumzisha. Mlikesha nasi, mkatuombea, mkatuchangia kwa hali na mali. Madaktari na wauguzi waliomhudumia, nao tunawaambia ahsanteni sana.

Ila tuna deni jingine kwenu. Siku chache baada ya maziko tulifungua kabati lake, tukakuta magunia mawili ya mabaki ya nyuzi na kofia 19 za vichanga, nyingine zikiwa bado kwenye sindano. Alikuwa ameahidi kofia 60 kwa ajili ya wodi ya wazazi. Tukawaomba msaada, mkaja.

Mliomfahamu mnajua kwamba hakuwahi kununua uzi wa kofia. Uzi mpya ulikuwa wa sweta. Sweta likiisha hubaki kidonge kisichotosha hata soksi moja, na yeye alianzia hapo. Aliuzungusha uzi kwenye kofia: ukifika mara nne, unatosha kufuma mzunguko mmoja, ukipungua, anashika rangi nyingine. Ndiyo maana mistari yake haikulingana upana hata siku moja. Mstari mpana maana yake kuna mtu alileta uzi mwingi.

Kwa kuwa mko wengi, na tukianza kutaja majina tutawasahau wengine, tumeona tuwashukuru kwa rangi.

Wewe wa kijani, uliyeleta masalia ya sweta la mwanao. Wewe wa zambarau, uliyefumua shali yako mwenyewe, ukauosha uzi na kuuanika ukiwa na kitu kizito chini ili ule msokoto unyooke. Mjomba wa nyeupe, ambaye uzi wake ulikuwa mwembamba mno hata tukacheka. Tuliukunja mara mbili ukaenda sawa na wa kijivu, na kofia zile ndizo zilizopendeza kuliko zote.

Yupo pia jirani ambaye hajui kufuma na hakuleta uzi. Yeye alikaa kwenye mkeka na sindano ya kushonea, akificha ncha. Kila mstari huacha ncha mbili. Kofia ya mistari tisa ina ncha 18 za kupenyezwa ndani moja moja, na hakuna mfumaji anayeipenda kazi hiyo. Shangazi alikuwa akimfuatia nyuma, anapitisha kidole gumba ndani ya kila kofia akitafuta mafundo, kwa sababu mama alikataza fundo lolote liguse kichwa cha mtoto. Kofia nne zilirudishwa. Tulinuna kidogo, lakini shangazi alikuwa na haki.

Binamu yetu naye alitukumbusha ujanja wa mama. Ukifuma kwa kuzunguka, rangi inapobadilika hutokea kingazi, mstari hauungani vizuri. Basi rangi mpya ikishamaliza mzunguko wake wa kwanza, kitanzi cha kwanza cha mzunguko wa pili kinahamishwa tu kwenye sindano ya pili bila kufumwa. Kingazi hakiishi kabisa, lakini kinafifia.

Hapa inabidi tuombe radhi. Mmoja wetu, ambaye ndiye anayeandika salamu hizi, aliloweka kofia sita kwenye maji ya moto na kuzisugua kwa bidii. Mistari ya sufu ikasinyaa na kugandamana, ya akriliki ikabaki ilivyokuwa, na kofia zikatoka na makunyanzi kama kodiani. Wenye sufu ya bluu na ya kahawia, mtusamehe, uzi wenu uliishia hapo. Mama alikuwa akiutenga uzi wa sufu kwenye gunia lake. Sisi tulikuwa tumeshauchanganya wote.

Kofia zote 60 zimeshapelekwa. Nyingi ni za watoto waliotimiza miezi, ambao kichwa chao huwa na mzingo wa takriban sentimita 35, nazo tulizifuma ndogo kuliko kipimo hicho ili zivutike na kushika. Zile ndogo zaidi, za watoto njiti, zilifumwa karibu zote na mama mdogo, usiku, kwa macho yake yale yale anayoyalalamikia. Mama mdogo, Mungu akuzidishie.

Mwisho ni tangazo dogo. Kuna sindano za mianzi zimesahaulika kwetu, bado zimeshika kofia ya sitini na moja, iliyofika nusu. Mwenyewe azifuate siku yoyote. Ila aje na rangi nyingine, maana kidonge cha kijani tumekipima na kimebakiza mizunguko miwili tu.