Wito wa kuua una dini?

Mhariri,

Agosti 2005 mhubiri wa Kikristo Pat Robertson alikaa mbele ya kamera Marekani, katika kipindi chake cha televisheni, akasema Rais Hugo Chávez wa Venezuela auawe. Kwanza akadai ameeleweka vibaya, halafu akaomba radhi. Serikali ya Marekani ikasema maneno yale hayafai, basi. Kipindi kikaendelea.

Mwaka 1989 Khomeini, kiongozi wa Iran, alipotoa fatwa ya kumuua mwandishi wa riwaya Salman Rushdie, mataifa ya Ulaya yaliwaita nyumbani mabalozi wao. Yalifanya vyema. Najua, Khomeini alikuwa na serikali mkononi, na fatwa haikufutwa. Lakini mhubiri mwenye watazamaji wengi kiasi kile naye si wa kupuuzwa.

Magazeti, hili letu likiwamo, humwandika mwenye kilemba "gaidi", mwenye tai "mtata". Kipimo ni kipi?

Msomaji wenu