Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunakwenda Nordschleife

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati iandae safari ya Nürburgring, njia ya mbio za magari nchini Ujerumani, na iwaeleze wanachama njia hiyo ikoje na gari linatakiwa kuwa katika hali gani kabla ya kuingia. Hesabu za chama zimo katika taarifa ya mhazini, sitazirudia.

Jiwe la msingi liliwekwa Septemba 1925 katika milima ya Eifel, eneo lililokuwa maskini wakati huo, na mradi ulikusudiwa pia kuwapa kazi watu wasio na ajira. Mbio za kwanza za magari zilikuwa Juni 1927, Rudolf Caracciola akashinda kwa Mercedes. Wajenzi hawakuusawazisha mlima, lami iliifuata ardhi ilivyolala. Ndiyo maana kitanzi cha kaskazini, yaani Nordschleife, chenye kilomita 20.8 na kona 73, hupanda na kushuka takriban mita 300 kwa mzunguko mmoja. Kwenye viwanja vya kisasa, dereva aliyeteleza hupata uwanda mpana wa kupunguzia mwendo. Hapa sehemu nyingi zina ukanda mwembamba wa majani, kisha kingo za chuma.

Dereva wa Formula One Jackie Stewart aliiita Nordschleife Jehanamu ya Kijani, naye mwaka 1968 alishinda humo kwenye ukungu na mvua kwa zaidi ya dakika 4. Mwaka 1970 madereva waligoma kukimbia humo kwa sababu ya hatari, mashindano ya Ujerumani yakahamishiwa Hockenheim, na njia ikatengenezwa: matuta yakapunguzwa, kingo za chuma zikaongezwa. Urefu haukupunguzwa kiasi cha kusaidia. Tarehe 1 Agosti 1976 Ferrari ya dereva Niki Lauda iliwaka moto karibu na kona ya Bergwerk, na waliomtoa ni madereva wenzake, kwa sababu vikosi vya uokoaji haviwezi kuwa karibu na kila kona ya njia ndefu namna hiyo. Formula One haikurudi tena Nordschleife. Njia mpya ya kilomita 4.5 iliyofunguliwa jirani mwaka 1984 ni kitu kingine kabisa, kwa hiyo mtu akisema amewahi kuendesha Nürburgring, muulizeni ipi.

Kuhusu rekodi ya mzunguko mmoja, Stefan Bellof aliweka dakika 6:11.13 kwa Porsche 956 mwaka 1983, ikadumu mpaka 2018 Timo Bernhard alipopita kwa 5:19.546. Sisi hazituhusu. Siku za wananchi, yaani siku ambazo watu wa kawaida huingia na magari yao, Nordschleife ni barabara ya kulipia ya upande mmoja inayofuata sheria za barabarani za Ujerumani, na kujipima muda ni marufuku. Gari hupitwa kushoto tu. Waliojifunza udereva Dar es Salaam au Mombasa wawe waangalifu hapa: mwenye mwendo mdogo hukaa kulia, na mazoea yetu ya kujisogeza kushoto kumpisha mtu yanamweka dereva mbele ya gari linalokuja kwa kasi. Tazama kioo kabla ya kila kona.

Sehemu tatu zinahitaji maelezo. Fuchsröhre ni mteremko mkali ambao unakwisha ghafla kwenye bonde, na pale chini gari hukandamizwa mpaka springi zinakaribia kufika mwisho. Usishike breki wala kukata usukani pale. Nyoosha gari, subiri lianze kupanda, ndipo ufunge breki. Ukipanda unakutana na Adenauer Forst, kona ya kushoto kisha kulia isiyoonekana mapema, na wageni wengi huishia kwenye majani. Karussell nayo huikuti kwa macho mpaka umefika. Ni mfereji wa zege ulioinama upande wa ndani. Gari likishaingia, liache lifuate mfereji hadi mwisho. Anayejaribu kutoka mapema hupigiza tumbo la gari kwenye ukingo.

Mvua inaweza kunyesha sehemu moja ya njia, Döttinger Höhe, huku sehemu nyingine, Breidscheid, kukiwa kukavu. Na maandishi ya rangi ambayo mashabiki huchora kwenye lami huteleza sana yakilowa.

Kinachowaangusha wengi ni breki. Kutoka kona ya Kallenhard kushuka hadi Breidscheid unazikanyaga mara kwa mara bila nafasi ya kupoa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya vya kutosha kiwango hicho hushuka hadi karibu 155. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na pedeli inazama kana kwamba unakanyaga sponji. Kwa hiyo badilisheni mafuta kabla ya safari. Pedi zilizolika zaidi ya nusu zibadilishwe pia, kwani pedi nyembamba hupitisha joto haraka kwenye mafuta.

Upepo wa tairi uanze na kiwango cha mtengenezaji. Upimeni tena mara baada ya mzunguko, maana joto huupandisha. Mkiupunguza, urudisheni tairi zikipoa, kabla ya kurudi barabara kuu. Oili ikaribie alama ya juu bila kuipita: ikiwa pungufu, kona ndefu huisogeza pembeni na pampu huvuta hewa. Rejeta inayovuja ni hatari kwa wa nyuma. Toeni kila kilicholegea ndani; chupa ya maji iliyoviringika chini ya pedeli inatosha kuua.

Mkitoka, msivute breki ya mkono diski zikiwa moto. Tembezeni gari polepole kilomita chache, kisha liegesheni kwenye gia.

Ukigonga, utadaiwa kingo za chuma, gari la kuvuta na muda ambao njia ilifungwa. Bima nyingi huenda zisilipe uharibifu wa huko, kwa hiyo someni mikataba yenu. Kamati ya ufundi itakagua kila gari kabla ya kuondoka, na asiyekuwa na risiti ya mafuta mapya ya breki ataingia kama abiria. Magari ya kukodi ya kawaida hayatapokelewa, kwa kuwa mikataba yake kwa kawaida inakataza Nordschleife.

Mwenyekiti