Tumbo kujaa maji si gesi tu

Mhariri, niruhusu niseme kitu kuhusu kansa ya ovari, kile kiungo cha mwanamke chenye hutoa mayai, juu shangazi yangu alikaa miezi mitano akipewa dawa ya gesi kwa kliniki moja hapa Eastlands na tumbo inazidi kuvimba tu, majirani wanamuuliza kama ana mimba na ako na miaka 58!

Kumbe tumbo ilikuwa inajaa maji ya kansa, na yale maji yana sababu. Uvimbe wa kansa ukifika milimita moja ama mbili hauwezi kuendelea kukua bila damu yake, hiyo daktari Judah Folkman wa Marekani aliandika 1971 na wengi hawakumwamini. Sasa unatoa protini inaitwa VEGF, inaita mishipa mipya ya damu, ni kama mtu kujivutia stima ya sambaza kutoka kwa nguzo. Shida hiyo mishipa ni mibovu, inavuja, na maji yanajaa tumboni. Halafu kuna vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja vitu mwilini, MMP-2 na MMP-9, hivyo vinakula kolajeni yenye inashikilia seli mahali pake, ukuta ukibomoka kansa inatoka inaenda kwingine. Ajabu ni ati hata ovari yenye afya hutumia vimeng'enya vya aina hii yai likitoka.

Dawa ya kuzuia VEGF iko, bevasizumabu, Marekani waliikubali kwa kansa ya ovari 2014. Bei yake... wacha tu. Za kuzuia vimeng'enya zilijaribiwa zikafeli.

Madaktari wetu, mama akisema tumbo imejaa wiki tatu mfululizo, mtumeni skani kabla ya hizo tembe.

Msomaji, Umoja, Nairobi