Umebadilisha pikapu na gitaa la besi bado linakwaruza? Soma hapa kabla hujamwita fundi mwizi

Wiki iliyopita mteja mmoja kanisema kwenye grupu la WhatsApp la wapiga vyombo wa makanisani kwamba nimekula hela yake. Jina simtaji na ugomvi sitaki, ila maneno yenyewe siyasikii kwa mara ya kwanza, tangu mwaka uanze hii ni kama mara ya nne na stori ni ileile kila mara, kwa hiyo leo naandika kirefu ili atakayeuliza tena nimtumie hii.

Ilikuwa hivi. Kaka kaja na besi ya bei nafuu, shepu ya Jazz Bass ya Fender, ila ya Kichina isiyo na jina kubwa, kainunua dukani laki nne na nusu. Mkononi kashika boksi la pikapu mpya, vile vichukua sauti vya gitaa, alizoletewa na ndugu yake kutoka Marekani, na hizo pikapu ukijumlisha na usafiri zinakaribia bei ya gitaa lenyewe. Anataka nifunge tu. Nikaishika nikaipiga kavu bila kuichomeka popote, kuanzia freti ya 9 (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo) kuelekea kwenye bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, uzi wa E na wa A, zile mbili nene, zote zinakwaruza, ile tunayoita bazi. Nikamwambia kaka, hapa shida ni freti na shingo, hizo pikapu ziweke kabatini kwanza. Akakataa, rafiki yake alibadilisha pikapu na besi ikawa tamu. Basi nikafunga, nikalehemu vizuri, nikachaji elfu thelathini, akaondoka. Jumapili kapiga ibadani, bazi ipo vilevile na sasa inasikika vizuri zaidi kwa sababu pikapu mpya zinachukua kila kitu. Hapo ndo nikawa mwizi.

Ndugu zangu, pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, kazi yake ni kuchukua uzi unavyotikisika na kupeleka kwenye ampu, yaani amplifaya. Uzi ukiwa unagonga freti, hicho hicho ndicho kitakachopelekwa. Ndo maana mimi gitaa lolote nalisikiliza kavu kwanza. Wauza duka wengi wakikupa besi ujaribu wanachomeka kwenye ampu kubwa, wamefungua besi yote na rivabu, yaani mwangwi, kidogo, sauti inakujaa kifuani unatoa hela. Mwambie akuzimie. Ipige kimya, kila uzi, kila freti, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, bila haraka, hata kama nyuma yako kuna watu wanasubiri. Noti moja ikikwaruza peke yake, hapo kuna freti imenyanyuka. Zikikwaruza nyingi za karibu na kichwa mara nyingi shingo imenyooka sana au imepinda kinyume, zikikwaruza za karibu na bodi angalia freti za mwisho na pale shingo inapoungana na bodi.

Halafu ishike kama unapiga bunduki, jicho upande wa kichwa, tazama shingo kwa urefu. Kujipinda kidogo kwenda mbele ni sawa na kunatakiwa, kwa sababu uzi unahitaji nafasi ya kutikisika. Kujisokota, yaani upande wa E umeenda huku na upande wa G, ule uzi mwembamba, kule, hiyo irudishe kabatini kwao hata kama wanakupunguzia laki. Shingo iliyosokotwa sina dawa yake ya bei utakayoikubali.

Ukitaka kupima kujipinda, bonyeza uzi wa E freti ya 1 na ubonyeze pia freti ya mwisho kabisa, angalia nafasi iliyobaki pale freti ya 7 au ya 8. Iwe kama unene wa kadi ya biashara, milimita 0.3 hivi. Mimi natumia fila geji, ileile ya mafundi magari wanayopimia klirensi ya valvu, haina ajabu yoyote. Kisha freti ya 12, chini ya uzi wa E natafuta kama milimita 2.5 na chini ya G milimita 2. Besi nyingi za bei nafuu zinatoka dukani zikiwa na milimita 4 na mwenye duka anakwambia utazoea, vidole vitakomaa. Usizoee, kushusha nyuzi kwenye briji, pale zinapokaa juu ya bodi, ni jambo la dakika chache kwa mtu anayejua.

Na hapa ndo njia ya mkato inapoanza. Watu wameangalia video wamejua kuna trasi rodi, ule mchuma ndani ya shingo wa kurekebisha mpindo wake, basi wanachukua spana ya L yoyote iliyopo nyumbani. Besi za Fender za Marekani nyingi zinatumia inchi 3/16, ambayo ni milimita 4.76, besi nyingi za Asia zinatumia milimita 4 au 5. Sasa mtu anaweka ya 4.5 kwenye 3/16 kwa sababu imeingia, anazungusha, inateleza, anaongeza nguvu, kona zote zinakwisha zinakuwa duara. Mwaka jana nilipokea moja kijana kaizungusha mizunguko miwili mfululizo kwa hasira, nyuzi zikiwa zimekazwa. Nyuzi nne za besi zikiwa kwenye tyuni zinavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, ni kama mtu mzima kaning'inia pale, na wewe unashindana naye kwa mkono. Mimi nazungusha robo, naiacha ilale, kesho napima tena. Mteja akiniuliza mbona unakaa nalo siku mbili kwa kazi ya kuzungusha spana, jibu ndo hilo.

Hali ya hewa nayo. Besi iliyokaa Dar miaka miwili mbao yake imezoea unyevunyevu, ukihamia nayo Dodoma fretibodi, ule ubao wa juu ya shingo wenye freti, inakauka inasinyaa, vichwa vya freti vinabaki vimetokeza pembeni vinakata kiganja. Nimeshaletewa ya namna hiyo mwenyewe akilalamika kauziwa feki. Feki haikuwa, tulisaga vichwa vya freti pande zote mbili, saa moja na nusu imekwisha. Hata wanaoniletea besi yenye fretibodi ya laureli wakisema wametapeliwa kwa sababu siyo rozwudi, jamani, tangu 2017 mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, ulipobana biashara ya rozwudi viwanda vingi vilihamia mbao nyingine, na ingawa vyombo vilivyokamilika viliachiwa 2019 wengi hawakurudi. Ukisikiliza kwenye besi hutatofautisha.

Nati, siyo ya bolti, ni kile kipande chenye mifereji pale juu ya shingo nyuzi zinapopita kwenda kichwani. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndo sehemu besi za bei nafuu zinapunjwa kiwandani, maana wanaweka kiplastiki chenye mifereji iliyochimbwa kwa mashine, haijali uzi wako una unene gani. Mfereji ukiwa juu sana freti ya kwanza inakuwa kali, unabonyeza na tyuni inapanda. Ukiwa umebana, unatyuni, uzi unakwama, ukipiga kwa nguvu unaachia ghafla tyuni imeondoka, na wewe unasema pegi, vile vya kukazia nyuzi kichwani, ni mbovu, uninunulie pegi mpya. Robo tatu ya watu wanaokuja kwangu kutaka pegi mpya nawarudisha na pegi zao zilezile. Nati naichonga mwenyewe kwa mfupa wa ng'ombe, nauchukua buchani, nauchemsha kutoa mafuta, unakauka juani wiki kadhaa ndipo naukata. Faili za kuchimba mifereji ni maalum, kila uzi na saizi yake, Kariakoo sijazipata mpaka leo, niliagiza na nililipa, kwa hiyo nati ya elfu thelathini na tano msiione ghali. Kuna mtu aliniletea besi mfereji wa A umechimbwa sana, fundi wa kwanza kamwekea njiti ya kiberiti na supaglu juu yake. Ilidumu mpaka pasaka. Kuitoa ile gundi bila kung'oa rangi ya shingo kulinichukua muda kuliko kuchonga nati nzima, na nilichaji huo muda.

Nyuzi nazo zina yake. Watu wananunua seti ya 45 mpaka 105 (huo ni unene wa nyuzi) ya hela nzuri halafu wanaikata kwa koleo kabla hawajaikunja, ule waya wa nje unaachia kwenye kiini na uzi unakuwa umekufa toka siku ya kwanza, unalia kama kamba ya katani. Ukunje kwanza kona kali ya digrii 90 uone hauachii, ndo ukate mbele ya kona. Wa kuchemsha nyuzi kwenye sufuria, sawa, zinang'aa kidogo siku chache, kisha zinarudi palepale. Nimeshapokea pia besi imefungwa waya wa breki ya baiskeli upande wa E, naelewa hali ilivyokuwa na namheshimu aliyepiga hivyo kwa miaka, lakini chuma kile kilikuwa kimekula freti tano za mwanzo mpaka mitaro. Freti mpya zote zikagharimu kuliko seti tatu za nyuzi.

Sasa levo ya freti, yaani kuzisaga zote zilingane kimo, maana hapo ndo bei inapoleta maneno. Nachaji laki na ishirini na watu wanasema kuna fundi anafanya kwa elfu kumi na tano. Ni kweli yupo, na kazi zake nazifahamu kwa sababu zinaishia kwangu. Anapitisha tupa, ileile ya kunolea panga, freti zinakuwa na bapa juu, zimelingana kwa macho lakini noti haina mahali maalum pa kukaa, intonesheni, yaani usahihi wa noti, inayumba na uzi unazomea. Mimi nanyoosha shingo kwanza, nabandika tepu fretibodi yote, napaka kila freti wino wa maka peni, nasaga kwa rula ya chuma iliyonyooka kweli, imebandikwa msasa, mpaka wino utoke sawa, halafu kila freti moja moja nairudishia mgongo wake kwa faili yake maalum, ziko 20 kwenye Precision ya Fender na 24 kwenye baadhi ya Ibanez, kisha msasa 400, 800, 1000, 2000, mwisho kitambaa. Ni nusu siku nimeinama. Nikimaliza naipiga noti zote, ikikwaruza hata moja narudia bila hela.

Ila kuna kitu levo haiondoi na wengi wanadhani nimeharibu mimi. Uzi wa G, mahali fulani freti ya 5 mpaka ya 7, noti inakufa haraka kuliko jirani zake. Mzee mmoja wa bendi ya dansi aliniletea Fender yake ya Marekani, ya mamilioni, ana uchungu kwamba kabadilishiwa shingo mahali. Nikabana klampu ndogo kichwani mwa gitaa, akapiga tena, sehemu iliyokufa ikahama. Shingo yenyewe inatikisika kwa kasi ileile ya noti hiyo na inameza nguvu ya uzi, ipo kwenye besi za bei zote, usiniletee kama kasoro ya kiwandani.

Upande wa umeme nitasema kwa ufupi. Besi ikiunguruma na ukishika nyuzi mngurumo unapungua, waya wa ethi kwenye briji uko salama na mara nyingi unachohitaji ni kufunika shimo la ndani kwa tepu ya shaba, kazi ya elfu arobaini. Ukishika na hakuna kinachobadilika, mara nyingi waya umeachia, naulehemu ukisubiri. Jeki iliyolegea ibadilishwe mapema kabla haijakata waya ndani. Yenye betri ya voti 9, ukimaliza kupiga chomoa kebo, ikibaki imechomekwa betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Na ukishika nyuzi halafu maiki ikakugonga mdomoni shoti, hilo siyo la gitaa, mara nyingi ni soketi za ukumbi hazina ethi, acha kupiga siku hiyo na itwe fundi umeme, msifanye ujasiri.

Pikapu, briji nzito, pegi za jina, vyote hivyo navifunga na navipenda, ila baada ya shingo, freti, nati na nyuzi. Na kabla sijafunga nitakuuliza besi umenunua kiasi gani. Kama ni laki nne na unataka kuweka vitu vya laki sita, nitakwambia tafuta Yamaha au Ibanez iliyotumika, niite niende nayo kuiangalia, maana siku ukiuza hakuna atakayekulipa hizo pikapu. Vipuri vya zamani navyo usivitupe.

Yule kaka alirudi juzi. Nimesaga freti, nati mpya, nyuzi mpya, pikapu zake zilezile, na nimempunguzia elfu thelathini aliyolipa mwanzo kwa sababu nilitakiwa kukataa kazi ile kuliko kuifanya nikijua. Siku hizi nakataa. Ukileta besi ilete na nyuzi zake zikiwa kwenye tyuni, usizilegeze, nataka kuona shingo inavyovutwa, na uniachie siku mbili. Jumamosi foleni ni ndefu kwa ajili ya ibada, wenye kwaya njooni Jumanne au Jumatano.